Kiatu cha Kushoto cha Fundi Bomba

Shangazi yangu humtazama mtu miguuni kabla ya kumtazama usoni. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia kwamba uso unaweza kucheka huku moyo umenuna, lakini kiatu hakijui kujifanya. Tukiwa njiani, akimwona mtu ambaye viatu vyake vimepigwa rangi vizuri mbele na kuachwa na vumbi nyuma, atanigusa kiwiko na kuninong'oneza, "Huyo anakwenda kuomba kazi." Akiona kisigino kilicholika upande mmoja, "Huyo hubeba mzigo kwa bega la kulia." Sijawahi kumkimbilia mtu kumwuliza kama ni kweli, kwa hiyo mpaka leo shangazi hajakosea hata mara moja.

Tabia hiyo aliipata kazini. Yeye ni mtunza stoo kwenye ghorofa linalojengwa nyuma ya soko la mbao, na mafundi wote humwita Mama Stoo, hata wale waliomzidi umri. Zamani alikuwa akishona sare za shule nyumbani, mpaka macho yakagoma kutunga uzi. Ndipo akaenda jengoni kubeba maji ya kuchanganyia zege, ndoo kichwani, kanga imefungwa kiunoni. Hakuomba stoo. Alipewa kwa sababu mtunza stoo aliyemtangulia aliaga siku moja kwa adabu zote, akaondoka, na grenda ya kukatia nondo ikaondoka naye.

Stoo yenyewe ni chumba cha mabati chenye dirisha moja pana na mlango wa kufuli mbili. Ndani kuna ubao mkubwa uliojaa misumari, na nyuma ya kila msumari shangazi amechora kwa mkaa umbo la kifaa kinachotakiwa kuning'inia pale: mwiko, msumeno, patasi, pimamaji. Ukiingia asubuhi, ubao umejaa. Saa za kazi unabaki na michoro mitupu.

Alipoipokea stoo ile, vifaa vilikuwa vinayeyuka kama barafu. Pimamaji moja ilitoka getini ndani ya suruali ya fundi, na mlinzi alipomwona mtu anatembea bila kukunja goti alimpa pole na kumfungulia geti. Toroli moja lilitoweka na mchanga wake. Kulikuwa na daftari la kusaini, lakini kila mtu alisaini alivyojisikia, na kwa mujibu wa daftari lile sururu yetu nzuri kuliko zote ilichukuliwa na golikipa wa timu ya taifa.

Shangazi alianza na rangi. Mteja mmoja wa ghorofa lile alikuwa ameagiza chumba cha wanawe kipakwe rangi ya waridi, kisha akabadili mawazo, na ndoo nzima ikabaki. Shangazi akaifungua na kupaka kila kitu chenye mpini. Nyundo za waridi. Misumeno ya waridi. Drili ya kutobolea zege, ambayo ndiyo ilikuwa kifaa cha thamani kuliko vyote pale, ilipakwa waridi mpaka kwenye kebo.

"Mama Stoo," fundi seremala alilalamika siku ya kwanza, "nyundo hii nitaishikaje mbele za watu?"

"Ishike hivyo hivyo, baba. Na ukiipeleka sokoni, mwambie mnunuzi ilikuwa ya bibi harusi."

Kisha akaja na jambo la viatu, na hilo ndilo lililomfanya ajulikane mpaka kwenye majengo ya jirani. Mafundi hufika kazini na viatu vyao vya kutembelea, wakaviacha kwenye kibanda cha kubadilishia nguo na kuvaa mabuti. Shangazi akatangaza dirishani kwamba kuanzia siku hiyo hakuna saini. Anayetaka kifaa alete kiatu chake cha kushoto. Kiatu kitaning'inia kwenye msumari wa kifaa hicho, na kifaa kikirudi, kiatu kinashuka.

"Na kwa nini cha kushoto?" waliuliza.

"Kwa sababu cha kulia kitabaki kibandani kinawangoja. Mkikiona peke yake mtakumbuka mmekopa."

Walicheka wiki nzima, lakini hakuna aliyekuwa tayari kupita sokoni jioni na kiatu kimoja. Vifaa vikaanza kurudi. Na kwa kuwa mikono ya shangazi haijui kukaa bure, alianza kuvishona viatu vilivyofunguka soli, kwa sindano yake nene ya zamani ya kushonea mikoba. Habari zikaenea. Baada ya muda ukawaona watu wanakuja kuazima mwiko ambao hawana kazi nao, wakiacha dirishani kiatu kinachocheka mdomo wazi.

Mtu mmoja tu hakuufurahia ukuta ule wa viatu, naye ni mhandisi. Alikuwa kijana mpole, mwenye heshima, anayemwita shangazi "mama" na kumpokea mizigo.

"Mama, wateja wakija kutazama nyumba wanakuta viatu ukutani," alimwambia. "Jana mmoja aliniuliza kama tunauza mitumba."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ni stoo."

"Sasa si umemjibu vizuri?"

Mhandisi alicheka, lakini hakuwa amekuja kucheka. Mwenye jengo alikuwa ameshazungumza na kampuni moja ya ulinzi inayoleta walinzi wake, kadi zake na mtunza stoo wake. Mhandisi alikuwa amemwombea shangazi muda. Kama hakuna kitakachopotea mpaka paa liezekwe, stoo itabaki yake, na kwenye jengo linalofuata atahama nayo. "Lakini kikipotea kimoja tu, mama, sitakuwa na neno la kukutetea."

Jioni ile shangazi alirudi nyumbani akala nusu sahani. Baadaye akaniambia, "Nikitoka pale sina pa kwenda, mwanangu. Nitarudi kwenye sindano nisiyoiona." Nilikuwa nimemaliza chuo na bado sijapata kazi, nalala kwenye kitanda cha pili cha chumba chake, kwa hiyo sindano hiyo ilinihusu na mimi.

Sasa nimtaje fundi bomba. Mafundi walimwita Baba Kesho, na jina hilo alijitakia. Mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, na kila ukimwuliza mtoto anakuja lini, alijibu, "Kesho, inshallah." Mara mbili alikuwa ametupa bomba chini na kukimbia nyumbani akipiga kelele kwamba wakati umefika, na mara mbili alirudi kesho yake, uso chini, kwa sababu wakati haukuwa umefika. Ya kwanza mkewe alikuwa amekula maharage mengi. Ya pili hata mwenyewe hakutaka kuieleza. Waashi wakawa wanamwimbia akipita. Msimamizi wa mafundi, ambaye jina lake la utani ni Pimamaji kwa sababu hutazama kila kitu akiwa ameinamisha kichwa upande, alimwuliza mbele ya watu kama anajenga ghorofa au anachezesha watoto. Mwishowe Baba Kesho akampeleka mkewe kwa mama mkwe, mji wa mbali kidogo, akawatangazia wote, "Sasa nadhani mtanipumzisha." Na kweli wakampumzisha.

Jumamosi niliyomletea shangazi chakula nilikaa juu ya mfuko wa saruji ndani ya stoo, na kitabu changu, nikimsubiri tuondoke pamoja. Kazi iliisha. Mafundi wakapanga foleni dirishani, wenye vumbi kichwani na wenye rangi mpaka kope. Kifaa kinaingia, kiatu kinatoka.

"Mama Stoo, hiki si changu, changu kilikuwa na shimo."

"Nimeliziba. Ulitaka nikurudishie na shimo lako?"

Foleni ikaisha. Ubao ukajaa waridi, isipokuwa msumari mmoja. Pale palipochorwa drili palining'inia kiatu cheusi cha ngozi, chenye ncha, cha kwenda nacho harusini.

Shangazi alikitazama bila kukigusa. "Cha Baba Kesho," alisema.

Tulimtafuta ghorofa zote. Kwenye chumba alichokuwa akitoboa ukuta tulikuta mashimo mawili mazuri, la tatu likiwa limeishia njiani. Mlinzi wa geti aliitwa, akakuna kichwa. Asubuhi alikuwa akimwongoza dereva wa lori la kokoto arudi nyuma, njoo, njoo, kata kulia, na anakumbuka mtu mwenye mkoba alipita ubavuni mwa lori, mbio, bila kusalimia.

Pimamaji akapiga simu ya Baba Kesho. Iliita mara moja ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Akamtuma kibarua mwenye baiskeli mpaka chumba alichopanga, na kibarua akarudi na habari kwamba mlango una kufuli na majirani wamemwona akipita na mkoba, hataki maongezi.

"Basi," Pimamaji alisema, kichwa upande. "Amesafiri na drili."

"Kwa kiatu kipi?" shangazi aliuliza.

"Mama Stoo, drili ile inanunua viatu vya kijiji kizima."

"Ya waridi? Nani atainunua?"

"Rangi hukwanguliwa."

Shangazi alimwacha hapo hapo. Alikwenda kibandani, nami nikamfuata. Chini ya benchi palikuwa patupu. Aliinama, akapapasa mpaka ukutani, akapekua nyuma ya ndoo. Alipoinuka uso wake ulikuwa umefunguka kidogo.

Mhandisi alikuwa ameshafika, amesimama na msimamizi mbele ya stoo, anaonekana kama mtu anayeumwa jino. "Mama, pole," alianza.

"Subiri kwanza, mwanangu. Kiatu cha kulia hakipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo amekichukua. Mtu anayetoroka anaacha vyote viwili akaenda na mabuti. Nani anakimbia na kiatu kimoja cha kulia mkobani?"

"Mwendawazimu," alisema Pimamaji.

"Au mtu anayejua atarudi kwa cha kushoto."

Wote wawili wakakitazama kile kiatu. Nikaona mhandisi anataka kuamini na anashindwa. Akasema Jumatatu watu wa kampuni watakuja kupima chumba, walikuwa wameshapanga kuja, hawezi kuwazuia tena. Kama kufikia hapo drili haijaonekana, itabidi shangazi akabidhi funguo.

"Jumatatu," shangazi alisema. Alikishusha kiatu kutoka msumarini, akakitia kwenye mfuko wangu wa vitabu.

Jumapili alikishona. Soli yake ilikuwa imeanza kuachia pembeni, jambo ambalo mimi nisingeliona hata kwa kuonyeshwa. Nilimtungia uzi, naye akakaa karibu na dirisha, kiatu mapajani, akivuta uzi kwa meno.

"Shangazi, na kama hatarudi?"

"Atarudi."

"Lakini kama?"

Akavuta uzi mara mbili. "Hiki ni kiatu alichoolea. Aliniambia mwenyewe. Alikuwa akikivaa kila siku kuja kazini kwa sababu mkewe anapenda kumwona nacho akitoka. Nimewaambia mara ngapi wasilete viatu vizuri jengoni? Wewe nitungie uzi mwingine, usiniulize maswali ya Pimamaji."

Alipomaliza alikipaka rangi, akaking'arisha kwa kitambaa, akakiweka juu ya meza. Usiku ule, kila nikifumbua macho nilimsikia akigeuka kitandani.

Jumatatu nilikwenda naye. Hakuniomba, wala hakunikataza. Alining'iniza kiatu kwenye msumari wake, akafungua dirisha, akaanza kugawa vifaa kama siku zote, ila sauti yake ilikuwa chini. Mafundi nao hawakutania. Kila mmoja alikabidhi kiatu chake kwa mikono miwili, kama anayetoa rambirambi.

Mtu wa kampuni alifika, kofia yake ina nembo, na tepu yake mwenyewe. Alipima dirisha, akapima mlango, akautazama ubao.

"Hivi viatu vitaondolewa lini?"

"Vikitaka wenyewe," shangazi alijibu.

Mhandisi alikuwa anatazama chini. Pimamaji alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza kichwa chake kilikuwa kimenyooka. Shangazi akafungua fundo la pindo la kitambaa chake, akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa utepe wa waridi. Akaziweka dirishani, lakini kiganja chake kikabaki juu yake.

Ndipo tukasikia mlinzi akipiga kelele getini. "We, we, simama hapo. Mkoba huo ufungue."

Baba Kesho aliingia amevaa yale yale mabuti ya Jumamosi, yameganda tope, nguo zimekunjamana, macho mekundu, na ametabasamu mpaka magego. Kifuani alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka ya kitoto yenye bata wadogo. Waashi waliokuwa jukwaani wakaacha kazi.

"Umetuletea mtoto jengoni?" mmoja aliuliza kutoka juu.

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Hii ni drili."

Akaifungua dirishani. Ilikuwa drili yetu, waridi yake yote, safi kuliko ilivyotoka, maana kuna mtu alikuwa ameipangusa mafuta.

"Ulikuwa wapi?" Pimamaji aliuliza.

"Nilipigiwa simu kwamba uchungu umeanza."

"Na ulishindwa kusema?"

Baba Kesho akamtazama, kisha akawatazama waashi jukwaani. "Niseme mara ya tatu? Halafu iwe maharage tena? Nilisema nikitoka kimya na ikawa maharage, nitarudi kimya." Alimgeukia shangazi. "Mama Stoo, nisamehe. Nilikuwa kwenye shimo la tatu, simu ikaita, akili ikaruka, nikaitia drili mkobani pamoja na vifaa vyangu bila kujua. Nilikimbilia kibandani kuvaa viatu, nikapata kimoja. Nikakumbuka cha pili kiko kwako. Nikija kwako utaniuliza ninakwenda wapi, na jengo zima litasikia. Nikakitia mkobani nikaenda hivyo hivyo. Kwenye basi ndiyo naona kuna kitu kinanichoma mbavu, nafungua, naona waridi."

"Na simu?" mhandisi aliuliza.

"Simu anayo mama mkwe. Ameikata ya kwanza, akaizima. Amesema mwenye mtoto mchanga hapigiwi simu na wanaume wanaofoka. Nilipomwomba simu yangu, akaniambia nimshike mtoto kwanza. Jumapili kule hakuna basi." Akaipapasa ile shuka ya bata. "Alidhani drili ni zawadi ya mjukuu. Ilibidi nimweleze mara nyingi. Bado hajaridhika."

"Mtoto gani?" shangazi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Wa kike."

Jukwaa zima likapiga makofi na miiko kwenye ndoo, kelele mpaka watu wa soko la mbao wakachungulia juu ya ukuta. Shangazi hakuyumba. Aliichukua drili, akaichomeka kwenye umeme, akaibonyeza. Ikanguruma. Akaizima, akaikagua kebo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaitundika kwenye mchoro wake. Baada ya hapo ndipo alikishusha kiatu.

Baba Kesho alikipokea, akakigeuza, akaona soli. Akakaa chini pale pale juu ya tofali, akavua buti la kushoto, na sote tukarudi nyuma hatua moja kwa sababu ya hewa. Mguu ulikuwa umevimba kama andazi. Alisukuma, akajikunja, akamwomba fundi seremala amsukumie kisigino. Hakikuingia.

"Siku zote hizo ndani ya buti, mguu si lazima ufure," alisema seremala.

"Basi kirudi msumarini," shangazi alisema. "Utakichukua mguu ukipungua."

"Lakini nimesharudisha drili."

"Ndiyo maana nakutunzia bure."

Mtu wa kampuni alikuwa bado ameshika tepu yake, hajui aikunje au aendelee. Mhandisi alimwendea, akamshika bega, wakatembea wote wawili kuelekea getini wakizungumza taratibu. Sikusikia yote. Nilisikia mhandisi akisema paa litaezekwa kwanza, na mtu wa kampuni akiuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, viatu vile huwa vinatoa harufu kiasi gani.

Kiganja cha shangazi kikazifumbata funguo. Akazifunga tena kwenye pindo la kitambaa, fundo juu ya fundo.

Baada ya chakula cha mchana mhandisi alirudi dirishani. Alikuwa anahitaji tepu ndefu, ile ya mita nyingi, kupima chumba cha ngazi. Kwa kawaida hunyoosha mkono tu, naye shangazi humpa. Safari hii alinyoosha mkono, na shangazi hakusogea. Alikuwa anamtazama miguuni.

"Mama," mhandisi alisema. "Na mimi?"

"Kabla ya viatu, tepu ilipotea mara ngapi mikononi mwako, mwanangu?"

Mhandisi alitazama viatu vyake. Akajikuna sikio. Kisha akaegemea ukuta wa mabati, akaanza kufungua kamba za kiatu cha kushoto, polepole, kwa sababu soksi yake ilikuwa imetoboka kidoleni na sote tulikuwa tunangoja kuona.

"Iache na soksi," shangazi alimwambia. "Nitakuzibia."